Kimeng'enya cha Kuhamisha Salfeti: Maelezo na Mapendekezo ya Istilahi kwa Mfano wa Malaria ya Kondo la Nyuma

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili kitu ambacho wanafunzi wa Kongo ya mashariki kwa kawaida hukutana nacho katika Kifaransa, na wenzao wa Kenya na Tanzania katika Kiingereza. Kitu hicho ni kimeng'enya cha binadamu kinachotengenezwa katika maabara kwa ajili ya utafiti, ambacho kazi yake ni kutia salfeti katika minyororo ya sukari iliyoko juu ya uso wa seli. Baada ya kukieleza kitu chenyewe, makala yatajadili istilahi tunazozihitaji ili kukitaja bila kukipotosha.

Huenda msomaji akauliza taaluma za Kiswahili zina haja gani na mambo ya aina hii. Jibu linapatikana karibu. Katika Salamabila, penye machimbo ya dhahabu ya Namoya, kama kwingineko katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, malaria huambukizwa mwaka mzima. Katika nchi za namna hiyo mwanamke mwenye mimba ya kwanza huathirika na malaria ya mimba kuliko yule aliyekwisha kuzaa mara kadhaa. Chanzo cha tofauti hiyo kinahusiana na salfeti iliyokaa mahali maalumu juu ya sukari ya kondo la nyuma. Mwanafunzi aliyesoma jambo hili kwa Kifaransa atatakiwa siku moja kulieleza kwa Kiswahili, ama darasani, ama katika kituo cha afya, ama nyumbani kwao. Katiba ya mwaka 2006 imekitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo. Utambuzi huo utakuwa na maana ndogo ikiwa lugha yenyewe haitumiki kueleza mambo yanayogusa uhai wa wasemaji wake.

Hoja ya makala haya ni moja: kinachosomwa na kimelea juu ya uso wa seli si sukari tu, bali ni mahali ilipowekwa salfeti juu ya sukari hiyo. Istilahi yoyote inayoficha mahali hapo, au inayoficha salfeti ilikotoka, haifai.

2. Sukari isiyokuwa tamu

Neno sukari, katika matumizi ya kila siku, ni kitu cha kutiwa katika chai. Katika kemia neno hilo lina maana pana zaidi. Sukari ndogo ndogo zinaweza kuunganishwa moja baada ya nyingine, kama shanga katika uzi, zikawa mnyororo mrefu. Wanga wa muhogo ni mnyororo wa namna hiyo. Minyororo hii tutaiita hapa sukari mnyororo.

Seli za mwili wa binadamu zimevikwa sukari mnyororo za aina nyingi. Baadhi yake zimeshikizwa katika protini, na protini hiyo imejikita katika utando wa seli, au imo katika nafasi iliyo baina ya seli na seli. Aina mbili zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni heparani, ambayo inapotiwa salfeti huitwa salfeti ya heparani. Ya pili ni kondroitini, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gegedu, kwa kuwa gegedu lina sukari hiyo kwa wingi.

Mnyororo wa kondroitini umejengwa kwa jozi zinazojirudia. Katika kila jozi mna asidi ya glukuroni, na kando yake mna sukari iitwayo galaktosamini iliyobeba kikundi cha asetili. Jozi hiyo hujirudia mara kumi, mara ishirini, hata zaidi ya mara mia. Kama mambo yangeishia hapo, kondroitini zote zingekuwa sawa, zikitofautiana kwa urefu peke yake. Lakini kaboni za kila sukari zimepewa namba, na katika baadhi ya namba hizo panaweza kupachikwa salfeti. Ikipachikwa katika kaboni ya 4 ya galaktosamini, tunapata kondroitini inayoitwa A. Ikipachikwa katika kaboni ya 6, tunapata ile inayoitwa C. Uti wa mnyororo ni ule ule, na salfeti ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali tu.

3. Mfano wa nukta

Wasomaji wa bulletini hii wanaweza kuielewa tofauti hiyo kwa urahisi wakikumbuka namna Kiswahili kilivyokuwa kikiandikwa kwa hati ya Kiarabu kabla ya hati ya Kilatini kuenea. Katika hati hiyo, umbo la herufi ba, ta na tha ni moja. Kinachozitenga ni nukta. Nukta moja chini ni ba. Nukta mbili juu ni ta. Nukta tatu juu ni tha. Mwandishi akisahau nukta, au akiiweka juu badala ya chini, neno linabadilika au linapoteza maana, ingawa mstari wa wino haukubadilika. Kasongo, iliyokuwa makao ya Tippu Tip kabla ya vita vya miaka ya 1892 hadi 1894, ilikuwa mojawapo ya njia ambazo Kiswahili, pamoja na hati hiyo, kiliingia Maniema. Hivyo mfano huu si wa kuazima mbali.

Salfeti juu ya sukari mnyororo ni kama nukta juu ya herufi. Kimeng'enya kinachoiweka ni kama kalamu, na molekuli inayoileta salfeti ni kama wino. Hata hivyo mfano una mipaka yake, na ni wajibu kuitaja. Mwandishi wa hati hunakili kutoka katika waraka wa asili. Seli haina waraka wa asili wa sukari zake. Protini hujengwa kwa kufuata jeni hatua kwa hatua, lakini hakuna kiolezo kinachoamuru salfeti ikae juu ya jozi ya saba na isikae juu ya jozi ya nane. Mpangilio hutegemea ni vimeng'enya gani vipo katika seli, kwa wingi gani, na vinaukuta mnyororo katika hali gani. Ndiyo sababu minyororo miwili iliyotoka katika seli moja haifanani kabisa, na ndiyo sababu watafiti hawawezi kupata mnyororo wanaoutaka kwa kuunakili kama wanavyonakili jeni.

4. Malaria ya kondo la nyuma

Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum hukua ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe iliyoambukizwa ikipita katika bandama huweza kutambuliwa na kuondolewa. Ili kuikwepa hatari hiyo, kimelea hupeleka juu ya uso wa chembe protini yenye kunata, nayo chembe hujishikiza katika kuta za mishipa. Kimelea kimoja kina jeni zipatazo 60 za jamii hiyo ya protini, na hubadilisha ile inayotumika, kama mtu anayebadilisha vazi ili asitambulikane.

Mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Kisumu, magharibi ya Kenya. Walichukua vimelea kutoka katika kondo la nyuma la wanawake waliojifungua, wakavilinganisha na vimelea vya watu wasiokuwa na mimba. Vimelea vya kondo la nyuma vilinata katika kondroitini A, lakini havikunata katika protini iitwayo CD36. Vimelea vya watu wengine kwa kawaida vilifanya kinyume chake: vilinata katika CD36, na havikunata katika kondroitini A. Katika miaka ya 2003 na 2004 kikundi cha watafiti wa Copenhagen, akiwamo Ali Salanti, kilitambua protini ya kimelea inayohusika, nayo ikaitwa VAR2CSA.

Matokeo haya yanaeleza jambo ambalo wakunga na wauguzi walikuwa wakiliona kwa miaka mingi. Msichana aliyekulia Kabambare huwa ameugua malaria mara nyingi, na mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili dhidi ya mavazi mengi ya kimelea. Lakini hajapata kuwa na kondo la nyuma. Anapochukua mimba ya kwanza, mwili wake unapata kiungo kipya chenye kondroitini ambayo kimelea kinaweza kuishika kwa protini ambayo kingamwili zake hazijapata kukutana nayo. Katika mimba za baadaye kingamwili hizo huwa zimekwisha kupatikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kingamwili za wanawake waliozaa mara kadhaa huzuia vimelea visinate katika kondroitini A.

Jambo la kutia wasiwasi ni kwamba mama huyo wa mimba ya kwanza anaweza asiwe na homa. Chembe zilizoambukizwa zimejificha katika kondo la nyuma, na kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kukosa kuzionyesha. Wakati huo huo mama hupungukiwa damu, na mtoto huzaliwa akiwa na uzito mdogo, hali ambayo huongeza hatari ya kufa katika miezi ya mwanzo.

5. Kimeng'enya chenyewe

Katika mwili wa binadamu viko vimeng'enya kadhaa vinavyohamisha salfeti na kuipachika katika kaboni ya 4 ya kondroitini. Tutakachokitumia kuwa mfano ni kile kinachojengwa kwa jeni iitwayo CHST11, iliyoko katika kromosomu ya 12. Jeni hiyo ya binadamu ilielezwa katika maandishi ya mwaka 2000. Umuhimu wake katika mwili ulionekana kwa panya: mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba panya waliozaliwa bila jeni hiyo kufanya kazi walikuwa na kasoro kubwa za gegedu na mifupa, wakafa muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Ndani ya seli, kimeng'enya hiki hukaa katika mwili wa Golgi, sehemu ambamo protini na sukari hukamilishwa kabla ya kupelekwa nje. Kimejikita katika utando kwa mkia mfupi, na sehemu yake inayofanya kazi imeelekea ndani. Hakifanyi kazi peke yake. Kinahitaji vitu viwili: mpokeaji, yaani kondroitini, na mtoaji, yaani molekuli iliyobeba salfeti tayari kuiachilia. Mtoaji huyo hujulikana kwa herufi PAPS. Seli humtengeneza kwa kutumia salfeti ya kawaida pamoja na molekuli mbili za ATP, ambayo ni hazina ya nguvu ya seli. Kimeng'enya humshika mtoaji kwa upande mmoja na mpokeaji kwa upande mwingine, salfeti ikavuka, kisha vyote viwili vikaachiliwa. Kimeng'enya chenyewe hakibadiliki; huwa tayari kuanza tena.

Kukipata kimeng'enya hiki kwa kukikamua kutoka katika viungo vya binadamu kungekuwa kazi ngumu yenye mavuno haba. Kwa hiyo watafiti hutumia njia ya jeni pandikizi. Hatua zake, kwa muhtasari, ni hizi:

(i) Sehemu ya jeni ya binadamu inayoamuru kujengwa kwa kimeng'enya hunakiliwa. Sehemu inayoamuru mkia wa kujikita katika utando huondolewa, ili kimeng'enya kisinaswe ndani ya seli bali kitoke nje.

(ii) Mwishoni au mwanzoni mwa nakala huongezwa alama ndogo. Mara nyingi ni asidi amino sita za histidini zilizofuatana.

(iii) Nakala hiyo hupandikizwa katika seli zinazokuzwa katika maabara: seli za binadamu, za panya-buku wa China, au za wadudu.

(iv) Seli hizo hujenga kimeng'enya na kukimwaga katika maji zinamokuzwa. Maji hayo hupitishwa katika mchujo wenye nikeli. Histidini hushikwa na nikeli, vitu vingine vikapita. Kisha kimeng'enya hufunguliwa na kukusanywa.

(v) Kimeng'enya hugawiwa katika vichupa vidogo kwa kipimo cha mikrogramu, na huhifadhiwa katika baridi kali.

Vichupa hivyo huuzwa vikiwa na onyo kwamba ni vya utafiti peke yake. Si dawa, wala si kipimo cha ugonjwa. Onyo hilo lapasa kusisitizwa katika nchi yetu, ambako chupa ndogo yenye maandishi ya kigeni huweza kudhaniwa kuwa sindano ya tiba.

6. Namna kinavyotumika

Tuchukue mtafiti anayetaka kujua kama salfeti ya mahali pa 4 ndiyo inayomnasa kimelea. Akitumia kondroitini iliyokamuliwa katika gegedu la mnyama, atapata mchanganyiko: salfeti za 4 na za 6 zikiwa katika minyororo ya urefu mbalimbali. Vimelea vikinata, hatajua ni kwa sababu ipi. Lakini akianza na kondroitini isiyokuwa na salfeti, akaigawa katika mafungu, anaweza kuliuliza swali lake waziwazi. Fungu la kwanza halipewi kitu. Fungu la pili linapewa kimeng'enya cha mahali pa 4 pamoja na mtoaji. Fungu la tatu linapewa kimeng'enya cha mahali pa 6 pamoja na mtoaji. Fungu la nne linapewa kimeng'enya cha mahali pa 4 bila mtoaji. Kisha kila fungu linapakwa katika sahani yake, chembe za damu zenye vimelea zinamiminwa juu yake, sahani zinasuuzwa, na chembe zilizobaki zinahesabiwa kwa hadubini.

Kabla ya hapo anatakiwa kuhakikisha kuwa salfeti imehamishwa kweli. Njia ya zamani hutumia mtoaji mwenye salfa ya mnururisho, ile ya namba 35, na kupima mnururisho ulioingia katika sukari. Njia nyingine hutegemea mabaki ya mtoaji: baada ya kuipoteza salfeti, mtoaji huondolewa fosfeti moja kwa kimeng'enya cha pili, na fosfeti hiyo hupimwa kwa rangi ya kijani. Kadiri rangi inavyokoza, ndivyo salfeti nyingi zilivyohama.

Fungu la nne ndilo lenye funzo kubwa. Kimeng'enya kipo, sukari ipo, lakini hakuna kinachotokea, kwa kuwa kalamu haina wino.

Haifai kudhani kwamba salfeti zikiongezeka ndipo kimelea kinata zaidi. Utafiti wa kondroitini ya kondo la nyuma uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba minyororo inayoshikwa na vimelea ina salfeti chache, na kwamba jozi nyingi hazina kitu. Ilionekana pia kwamba kipande kifupi cha kutosha kushikwa vizuri ni cha sukari 12. Kimelea, kwa hiyo, husoma mpangilio, wala hakihesabu nukta tu. Aidha, kinachotokea katika chupa hakilingani moja kwa moja na kinachotokea katika mwili wa Golgi, ambamo vimeng'enya vingi hufanya kazi pamoja. Jibu la chupa ni ushahidi mmojawapo, na linahitaji kuthibitishwa kwa seli na kwa kondo la nyuma lenyewe.

Madhara ya salfeti kuwa pasipo mahali pake yalionekana kwa uchungu mwaka 2008. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande inayokamuliwa katika utumbo wa nguruwe, ilichanganywa na kondroitini iliyokuwa imetiwa salfeti kupita kiasi kwa njia za kemia. Vipimo vya wakati huo havikuitenga na heparini halisi, na wagonjwa kadhaa nchini Marekani walifariki. Baada ya mkasa huo, hamu ya kuijenga heparini kwa vimeng'enya badala ya kuikamua kwa wanyama iliongezeka. Mwaka 2011 wanasayansi, wakiwamo Jian Liu na Robert Linhardt, walichapisha njia ya kujenga heparini fupi zenye umbo moja kwa kutumia vimeng'enya vya jeni pandikizi, salfeti baada ya salfeti.

Kwa upande wa malaria, protini ya VAR2CSA imekuwa msingi wa chanjo mbili za majaribio. Moja, iitwayo PAMVAC, ilijaribiwa kwanza Ujerumani na Benin. Ya pili, PRIMVAC, ilijaribiwa kwanza Ufaransa na Burkina Faso. Lengo ni kumpa msichana kingamwili zile ambazo shangazi yake alizipata kwa kuzaa.

7. Istilahi

Sasa tuingie katika upande wa lugha. Mapendekezo yafuatayo yanazingatia msamiati uliokwisha kuzoeleka, hasa ule ulioenezwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990.

7.1 Kimeng'enya. Neno hili limeundwa kwa kitenzi -meng'enya, yaani kuvunjavunja au kusaga kitu kikawa vipande vidogo. Linafaa sana kwa kitu kinachosaga chakula tumboni. Tatizo ni kwamba kimeng'enya chetu hakimeng'enyi chochote, kinaongeza. Je, tulitupe? La. Jina la kimataifa lenyewe, lililobuniwa na Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870, lilitokana na Kiyunani kwa maana ya "ndani ya chachu", na leo hutumika kwa vitu visivyo na uhusiano wowote na chachu. Istilahi ikikomaa hujitenga na mzizi wake. Inatosha mwalimu aseme mara moja kwamba si kila kimeng'enya humeng'enya. Kuhusu matamshi, wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo husema "ngombe" pale ambapo watu wa pwani husema "ng'ombe"; hivyo tutarajie kusikia "kimengenya". Hilo ni suala la lafudhi, wala si kosa la istilahi.

7.2 Salfa na salfeti. Zamani Kiswahili kilikuwa na neno lake la salfa, nalo ni kibiriti, kutokana na Kiarabu. Neno hilo limehamia katika njiti za kuwashia moto, na si rahisi kulirudisha. Salfa na salfeti zimefuata matamshi ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Kongo aliyezoea Kifaransa angeelekea kusema silfati. Napendekeza salfeti, kwa kuwa ndiyo iliyoenea katika vitabu. Lakini pana hatari moja inayostahili kutajwa. Kidonge cha kinga ya malaria wanachopewa wajawazito kina salfadoksini, na wengi hukiita "dawa ya salfa". Salfadoksini si salfeti. Inafanya kazi kwa kumzuia kimelea asijitengenezee foleti, na haihusiani na sukari ya kondo la nyuma. Vivyo hivyo, vidonge vya kuongeza damu mara nyingi ni salfeti ya chuma, lakini salfeti hiyo ni ioni iliyo huru, haijapachikwa mahali popote juu ya sukari. Maneno matatu yenye sauti moja yasichukuliwe kuwa kitu kimoja.

7.3 Kihamisha-salfeti. Hili ndilo jina ninalolipendekeza kwa jamii nzima ya vimeng'enya hivi. Limefuata kanuni iliyotupatia kinasa-sauti na kipima-joto: kiambishi ki-, kitenzi, kisha nomino inayotendwa. Wengine wangependelea "kitia-salfeti". Lakini kitenzi -tia kinamtaja mpokeaji tu. Kitenzi -hamisha kinadai pawe na mahali pa kutoka na mahali pa kwenda, na hivyo kinamkumbusha mwanafunzi kwamba pana mtoaji. Yule aliyeelewa jina hili hatashangazwa na fungu la nne la jaribio letu.

7.4 Mahali. Jina kamili halina budi kutaja mpokeaji na namba: "kihamisha-salfeti cha kondroitini, mahali pa 4". Ni refu, lakini kila sehemu yake ina kazi. Ukiondoa namba, umeondoa nukta.

7.5 -a jeni pandikizi. Kwa kimeng'enya kilichotengenezwa kwa njia tuliyoieleza, "kimeng'enya cha jeni pandikizi" kinaeleweka zaidi kuliko "kimeng'enya rekombinanti". Kupandikiza ni neno ambalo mkulima analijua. "Kimeng'enya bandia" kisitumike, kwa kuwa kimeng'enya hiki si cha kuigiza. Kimejengwa kwa maagizo ya jeni ya binadamu.

8. Kuzipima istilahi

Istilahi hupimwa kwa matumizi. Hebu tuone kama maarifa haya yanaweza kuelezwa katika siku ya kupima mimba, ile ambayo wengi huiita kwa herufi za Kifaransa CPN. Muuguzi hatataja kihamisha-salfeti, lakini akiwa amekielewa ataweza kusema hivi:

"Mama, hii ni mimba yako ya kwanza. Umeugua malaria tangu utotoni, na mwili wako umejifunza kuyatambua mavazi mengi ya kimelea. Lakini katika kondo la nyuma la mtoto mna sukari yenye alama, na kimelea kina vazi la kuishika alama hiyo. Vazi hilo mwili wako haujapata kuliona. Kwa hiyo kimelea kinaweza kujificha humo usione hata homa, huku kikimpunguzia mtoto chakula. Ndiyo sababu tunakupa kidonge hiki hata kama hujisikii mgonjwa, na tunakuomba urudi upewe tena, na ulale ndani ya chandarua."

Maneno hayo hayana hata moja la kigeni lisilozoeleka, na hayasemi uongo. Yanajibu swali ambalo mama yeyote mwenye akili huuliza: kwa nini ninywe dawa na siumwi? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2012 kwamba kidonge hicho kitolewe kila mama anapohudhuria, kuanzia muhula wa pili wa mimba, kwa vipindi visivyopungua mwezi mmoja. Ushauri huo hufuatwa vizuri zaidi na yule aliyeelezwa sababu.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba tofauti kati ya kondroitini inayomnasa kimelea na ile isiyomnasa ni ya mahali na mpangilio wa salfeti. Tumeona pia kwamba kihamisha-salfeti cha jeni pandikizi kinamwezesha mtafiti kuweka alama moja mahali pamoja palipochaguliwa, akauliza swali ambalo sukari iliyokamuliwa haiwezi kulijibu. Kwa upande wa lugha, Kiswahili kina vitenzi na kanuni za kuunda majina zinazotosha kuibeba tofauti hiyo. Hatukuhitaji zaidi ya maneno machache ya kukopa, na yote yamekubali viambishi vyetu bila shida.

Yanayobaki ni kazi ya idara zetu. Wanaisimu na wanabiolojia wa vyuo vya Maniema na vya jirani wakae pamoja, wachukue mada moja moja ya aina hii, waieleze hadi mwisho kwa Kiswahili, kisha waorodheshe maneno waliyoyahitaji. Orodha inayoanza na maneno bila maelezo mara nyingi huishia kabatini. Istilahi iliyozaliwa ndani ya maelezo huwa imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kufanya kazi.